Mapenzi Yenye Daftari: Kumkumbuka Mama Punda

Hotuba ya mwanachama wetu, mhasibu anayeishi Mwanza, katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani Ibadakuli

 

Kamati iliponiomba niseme machache juu ya marehemu mke wangu, nilikubali kwa sharti moja, kwamba nisipewe kazi ya kumsifu. Msibani mlimsifu vya kutosha, na mlitulia kaburini naye mpaka udongo wa mwisho. Sina cha kuwalipa. Leo ni siku ya kuchangia, na mimi ni mhasibu. Nitamkumbuka kwa namna ninayoiweza: kwa kuuliza ameacha nini, nani atakiendeleza, na kwa fedha ipi.

Ninalo pendekezo, na ni vizuri mlijue tangu mwanzo ili mnisikilize mkilipima. Baada ya gharama zote za msiba kulipwa, katika rambirambi mlizotoa zilibaki shilingi milioni tatu na laki mbili. Baadhi ya ndugu wamesema zitumike kulijengea kaburi lake vigae vizuri na uzio wa chuma. Wamesema hivyo kwa upendo, nami nimewasikia. Lakini ninaomba fedha hizo ziwe mwanzo wa mfuko mdogo wa afya ya wanyama wa nyumbani kwetu. Kueleza sababu, nitaanza na yeye mwenyewe. Kisha nitawapeleka Kenya kwa mwanamke mwingine, mke aliyefiwa na mume, ambaye alikabiliwa na swali hilihili miaka mingi kabla yangu. Halafu tutarudi Ibadakuli tufanye hesabu.

Alivyokuwa

Wengi wenu mlimwita Mama Punda. Jina hilo walimpa watoto wa pale nyumbani, naye hakulikasirikia hata siku moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza. Kila likizo ya shule alipanda basi kwenda Ibadakuli. Wengine tukienda nyumbani tunabeba mikate na sukari. Yeye alibeba hivyo pia, lakini mkononi alikuwa na chupa ya chai iliyojaa barafu, na ndani ya barafu vichupa vya chanjo ya kideri. Kondakta akimuuliza kama hiyo chai itauzwa, alimjibu kwamba hii chai wanakunywa kuku kwa jicho.

Sisi Wasukuma hakuna wa kutufundisha kupenda wanyama. Ng'ombe wetu wana majina. Ngoma zetu za Wagika na Wagalu zimeingia uwanjani na chatu kabla hata mtalii wa kwanza hajapita. Tulipoona nchi inageuka jangwa, wazee wetu walirudisha ngitili, wakafungia malisho na miti vikaota tena, na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ukatambua kwamba dawa ya ardhi ya Shinyanga ilikuwa tayari mikononi mwa wafugaji wenyewe. Kwa hiyo mke wangu kupenda wanyama halikuwa jambo la ajabu. Tofauti yake ni kwamba aliwapenda wanyama ambao hawahesabiwi kwenye mahari. Ng'ombe ana watetezi wengi. Akiugua, ukoo mzima unakaa kikao. Punda akiwa na kidonda begani anavalishwa nira palepale juu ya kidonda, kesho yake anavuta mapipa ya maji kama kawaida. Mbwa anakula akikumbukwa. Kuku wakifa kumi na watano kwa wiki moja tunasema ni upepo wa msimu.

Watu walimtania kwa methali tunayoijua wote, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Alikuwa na jibu lake, na wengine mmelisikia kwa masikio yenu. Alisema, "Shukrani hudaiwa na aliyekopesha. Punda hajakopa kwako kitu. Amekubebea maji tangu asubuhi, sasa nani anamdai mwenzake?" Nimesoma vitabu vingi vya uhasibu, na sijui kama nimewahi kuona deni likielezwa wazi kuliko hivyo.

Baada ya arobaini nilifungua sanduku lake la bati. Chini ya vitenge kulikuwa na kaunta buku moja, kona zake zimeliwa. Ilikuwa na miaka kumi na mmoja ya kazi yake. Nitawasomea mistari michache tu, bila majina ya wenye mifugo.

"Kuku 41, nyumba sita. Tone moja jichoni kila mmoja. Wawili wanasinzia, sikuwachanja. Rudi Septemba."

"Punda wa njia ya kisimani, kidonda bega la kulia. Nimeosha kwa maji ya chumvi. Gunia likunjwe mara nne liwekwe chini ya nira kikipona. Asivute wiki mbili. Mwenyewe amekubali wiki moja."

"Mbwa wa nyumba ya mkaratusi hajachanjwa. Mwenyewe anasema mbwa ni mkali mno kushikwa. Ndiyo sababu achanjwe."

Kama mhasibu niliona mambo mawili katika kitabu kile. La kwanza, aliandika kila alichonunua, bei na tarehe, lakini hakujumlisha hata ukurasa mmoja. Nilijumlisha mimi. Fedha zote za miaka kumi na mmoja hazikufika bei ya pikipiki moja mpya. La pili ni zito zaidi. Baada ya tarehe ya mwisho aliyoandika, kurasa zote ni nyeupe. Septemba ilifika na hakuna aliyerudi. Chupa ya chai iko kabatini. Kuku wa nyumba zile sita hawajapata tone lingine tangu hapo, na ninajua hivyo kwa sababu nimeuliza nyumba moja moja.

Hili ndilo tatizo ninalotaka tulitazame. Kazi nzuri, ya gharama ndogo, yenye faida kwa watu wengi, ilikuwa imekaa juu ya moyo wa mtu mmoja. Moyo uliposimama, kazi ikasimama.

Mke wa Tsavo

Sasa twende Kenya. Daphne Sheldrick alizaliwa huko tarehe 4 Juni 1934, katika familia ya walowezi Wazungu. Mwaka 1960 aliolewa na David Sheldrick, mkuu wa kwanza wa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948. Mume alikuwa na kazi ya kufungua barabara, kuchimbia wanyama maji na kupambana na majangili. Nyumbani kwao wakaanza kuletwa watoto wa wanyama walioachwa yatima: tembo, faru, nyati, swala, ngiri. Daphne ndiye aliyewalea.

Tembo mchanga alimshinda kwa muda mrefu. Mtoto wa tembo hutegemea maziwa ya mama yake kwa miaka ya mwanzo, na akipewa maziwa ya ng'ombe anaharisha mpaka anakufa, kwa sababu mafuta yaliyomo tumbo lake haliyawezi. Daphne alijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka, na vifo vikawa vingi. Hatimaye aligundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yaliyokaribia mafuta ya maziwa ya tembo. Kwa ugunduzi huo watoto wa tembo wachanga kabisa wakaanza kuishi mikononi mwa binadamu, jambo ambalo kabla yake halikuwa limewezekana.

Lakini fundisho lake kubwa alilipata kwa tembo mmoja mdogo aliyeitwa Aisha. Aisha alinusurika kwa yale maziwa, akanawiri, na akamshika Daphne kama mama yake mzazi, hataki mtu mwingine. Ikatokea harusi ya binti yake Daphne, akalazimika kusafiri kwa majuma kama mawili. Aisha aliachiwa mlezi mwingine mwenye maziwa yaleyale. Akakataa kula, akadhoofu, na Daphne aliporudi ilikuwa imechelewa. Aisha alikufa kwa huzuni.

Ndugu zangu, hadithi ile niliisoma usiku, baada ya kuweka ile kaunta buku kando, na sikulala mapema. Kwa maana Daphne hakuishia kulia. Alibadilisha utaratibu. Tangu wakati huo ilikuwa mwiko mtoto wa tembo kuwa na mlezi mmoja. Walezi wakawa kundi, wanapokezana zamu mchana na usiku, kila mmoja analala na yatima tofauti, ili mnyama aipende familia nzima badala ya kufungwa kwa mtu mmoja anayeweza kuugua, kusafiri au kufa.

Mwezi Juni 1977 David Sheldrick alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo. Alikuwa amehamishiwa Nairobi miezi michache tu kabla ya hapo. Mjane angeweza kujenga mnara. Alichofanya ni kuanzisha mfuko kwa jina la mumewe, mwaka uleule, na kuuweka ufanye kazi ileile aliyoifanya mume: kulinda wanyama na makazi yao. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi akafungua kituo cha kulelea tembo yatima, ambacho wengi waliofika Nairobi wamekiona. Watoto hupewa chupa za maziwa kila baada ya saa chache, usiku hufunikwa blanketi. Wakikua hupelekwa Tsavo, kwenye vituo vya Voi na Ithumba, wakakae na wenzao wakubwa. Huko hakuna anayewafukuza na hakuna anayewafunga. Kila mmoja hujiunga na makundi ya porini kwa wakati wake, na safari hiyo huchukua miaka. Wapo majike waliolelewa kwa chupa ambao wamerudi kituoni wakiwa na watoto wao waliozaliwa porini, kana kwamba wamekuja kuwaonyesha walezi wao wajukuu.

Na walezi hao, jamani, ni Wakenya wa kawaida, vijana wa Kikamba, wa Kitaita na wa makabila mengine, wanaoamka usiku wa baridi kwa ajili ya mnyama asiye wao. Nishani alipewa Daphne. Kenya ilimpa, na mwaka 2006 Malkia wa Uingereza akampa heshima ya Dame, ya kwanza ya kiwango hicho kutolewa Kenya tangu uhuru wa mwaka 1963. Lakini usiku ule mrefu zizini ulikuwa wa walezi. Hao huandika shajara ya kila siku: nani amekula, nani anaharisha, nani amecheza, nani amegoma. Nilipoona hilo nilisema, kumbe na wao wana kaunta buku.

Msidhani alikuwa anafanya mchezo wa kitajiri katika nchi yenye amani. Yatima wale walitoka kwenye vita vya pembe. Mwaka 1989 Rais Moi aliteketeza kwa moto tani 12 za pembe za ndovu hadharani, na mwaka huohuo mataifa yakapiga marufuku biashara yake. Hata baada ya hapo, sisi wenyewe Tanzania tuliona hesabu yetu ya tembo ikiporomoka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Nyuma ya kila mama aliyeuawa kwa pembe zake kunaweza kuwa na mtoto anayesimama pembeni ya mzoga.

Na mateke aliyapata. Mwaka 1994, akiwa Tsavo, alimsogelea jike mmoja wa porini akidhani ni Eleanor, tembo aliyemfahamu kwa miaka mingi. Hakuwa Eleanor. Alimrusha juu kwa mkonga wake na mguu wa Daphne ukavunjika vibaya. Alikuwa na umri wa miaka sitini. Akafanyiwa upasuaji, akapona polepole, akarudi kazini kwa tembo walewale. Hapo nilimsikia mke wangu akiuliza: sasa nani anamdai mwenzake?

Daphne alifariki tarehe 12 Aprili 2018, akiwa na miaka 83, kwa saratani. Mpaka siku hiyo tembo zaidi ya 200 walikuwa wamelelewa kwa utaratibu wake. Asubuhi iliyofuata watoto wa tembo walinyweshwa maziwa kwa saa yao. Binti yake Angela alikuwa ameshika uongozi tangu mwaka 2001. Walezi walikuwepo, shajara ziliandikwa, na fedha zilikuwepo, kwa sababu chanzo chake kikubwa ni watu wengi wa kawaida duniani wanaodhamini yatima mmoja mmoja kwa kiasi kama dola 50 kwa mwaka, na kila mdhamini hupata habari za mnyama wake.

Ukiondoa tembo na Nairobi, mhasibu anaona mambo matatu. Jina la mpendwa limefungwa kwenye kazi inayoendelea. Kazi haikutegemea mtu mmoja, hata mwanzilishi wake. Na fedha ni ndogondogo za watu wengi wanaoletewa taarifa.

Iko tofauti moja, na sitaificha. Tembo ana wapenzi Ulaya na Marekani. Punda wa Ibadakuli hana mtalii. Uwanja wa ndege uko pale kwetu, nyaya za umeme mkubwa zinapita kituo chetu cha kupozea umeme kwenda mikoani, lakini hakuna abiria atakayeshuka kwa ajili ya kuku wa bibi yako. Wanyama hawa wakikosa sisi, hawana mwingine.

Hesabu ya Ibadakuli

Najua kuna mtu hapa anajiuliza moyoni: watoto wanakaa chini darasani, wewe unatuletea punda? Ni swali la haki. Nijibu kwa mnyama mmoja mmoja.

Tuanze na kuku. Kuku ndiye akaunti ya mama wa nyumbani. Ng'ombe anauzwa kwa kikao cha wanaume, lakini kuku anauzwa na mama asubuhi mtoto akitakiwa daftari, sare au nauli ya hospitali. Kideri kikiingia kinafagia banda zima kwa siku chache, na hakina tiba. Kinga ipo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini Kibaha, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani. Tone moja katika jicho moja linatosha, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Inapewa kuku wazima tu, na inafaa mtaa mzima ukichanja kwa pamoja. Kichupa kimoja kinahudumia kuku wengi kuliko wa nyumba moja, ndiyo maana nyumba moja peke yake huona ni hasara kukinunua, na ndiyo maana kazi hii ni ya ushirika.

Kisha mbwa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Watu wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu wameumwa na mbwa, na sehemu kubwa yao ni watoto, kwa kuwa watoto ndio wanaocheza na mbwa na ndio wanaoogopa kusema wameumwa. Wataalamu wanasema ukichanja angalau mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Dunia imejiwekea lengo la kutokuwa na kifo cha binadamu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Na kwa kuwa mko hapa, chukueni hili hata kama hamtachangia senti: mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msingoje kuona mbwa atafanya nini. Nilitaja mbwa wa nyumba ya mkaratusi. Alichanjwa mara nne kwa mujibu wa kitabu kile, na wanne wa watoto wa jirani walikuwa wanamshika mkia.

Halafu punda. Mwangalieni nani anavuta maji, mkaa, mahindi na matofali kwetu, na mniambie kama si yeye. Msichana ambaye nyumba yao ina punda mzima anafika shule mapema. Punda akilala mgonjwa, ndoo inarudi kichwani kwa yule msichana. Tulishuhudia pia hapa Shinyanga machinjio ya punda, kwa sababu ngozi yake inatakiwa China kutengenezea dawa. Punda jike hubeba mimba kama mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, hivyo hakuna kijiji kinachoweza kuzalisha punda kwa kasi ya kisu. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafiki kusimamisha uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi barani kwa miaka 15. Wamemwokoa na kisu. Kumwokoa na nira mbovu na fimbo ni kazi yetu, na sheria ya nchi ipo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Nira yenye kitambaa kinene, mzigo unaolingana na nguvu zake, maji ya kunywa kabla ya kuvuta ya kwetu, kupumzika akiwa na kidonda. Sehemu kubwa ya haya haihitaji hata fedha.

Kwa hiyo sishindanishi punda na dawati. Dawati litanunuliwa na chama, na kwenye bajeti ya mwaka huu limo, nimeliona. Ninasema mtoto anafika kwenye lile dawati akiwa amevaa sare iliyotoka kwenye kuku, hajachelewa kwa sababu ya punda, na hajaumwa na mbwa mwenye kichaa.

Utaratibu ninaouomba

Fedha za rambirambi zikubaliwe kuwa mtaji wa kwanza, na kila anayetaka aongeze. Kila mtaa utoe watu wawili, mmoja mama na mmoja kijana, wafundishwe kuchanja kuku na ofisa mifugo wa kata, ambaye pia atasimamia chanjo ya mbwa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mtaalamu. Wawe wawili na si mmoja. Mmoja akiolewa mbali, akipata kazi mgodini au akiugua, mwingine yupo. Hapo namkumbuka Aisha.

Kila kuku anayechanjwa alipiwe kiasi kidogo na mwenyewe, kitakachopangwa na mkutano wa mtaa, ili fedha zizunguke na mfuko usiwe sadaka inayokwisha. Kwa wasiojiweza mfuko ulipe, lakini iandikwe.

Akaunti iwe na waweka sahihi watatu kutoka nyumbani. Mimi nisiwe mmoja wao. Nimeombwa na nimekataa, na naomba mnielewe. Mtu akifiwa, fedha za marehemu zikiwa mikononi mwake, kila mkutano utakuwa msiba upya, na hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kuniuliza risiti. Mfuko ambao mtunza fedha wake haulizwi risiti umeshakufa. Nitakagua vitabu bure kila mwaka kama mkitaka, na kama mkiona bora akague mtu mwingine, ni bora zaidi. Taarifa ya mapato na matumizi ichapishwe kwenye jarida hili la mwaka, pamoja na idadi ya kuku, mbwa na punda waliohudumiwa, ili aliyechangia elfu tano aone elfu tano yake ilikokwenda.

Kuhusu jina, watoto wake na mimi tumekaa tukakubaliana lisiwe jina lake la kwenye cheti. Liwe lile mlilompa ninyi. Mama Punda ni jina la Ibadakuli, na mfuko utakuwa wa Ibadakuli.

Kaburi halitabaki tupu. Litasakafiwa kwa saruji, kwa fedha yangu na ya wanangu, na nimeshamweleza baba mkwe hivyo, naye amekubali. Tena alisema binti yake angechagua kuku.

Ile kaunta buku nimekuja nayo. Sikuileta ili itazamwe. Nimeinunulia mwenzake mpya, wa jalada gumu, na nimeandika ukurasa wa kwanza tarehe ya leo na salio la kuanzia: shilingi 3,200,000. Nimeweka na safu ya jumla. Zote mbili ninamkabidhi Mwenyekiti mbele yenu, ya zamani iwaonyeshe watakaochanja jinsi alivyokuwa anaandika, na mpya iandikwe na wao.

Fomu za ahadi ziko meza ya kulia, kwa mweka hazina. Atakayetoa taslimu apewe risiti hapohapo, na asikubali kuondoka bila risiti. Asiye na fedha leo aandike jina kama atajitolea kufundishwa, maana mikono inahitajika kuliko noti. Chanjo ya kwanza tungependa ifanyike Septemba hii, kwa kuwa nyumba sita zinangoja, na kitabu kinasema turudi Septemba.

 Mungu amrehemu, na awabariki.